Nguvu Iliyoendesha Viwanda vya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu hasa viwanda vya nguo vya Uingereza kuanzia miaka ya 1720 hadi mwisho wa karne ya 19, pamoja na vile vya Massachusetts nchini Marekani, ambavyo vitambaa vyake vilivaliwa hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba injini ya mvuke ndiyo iliyozaa viwanda. Ukweli ni kwamba viwanda vilizaliwa kando ya mito na vikalelewa na maji kwa miongo mingi, na hata vilipohamia kwenye mvuke, sababu kubwa ilikuwa mahali walipopatikana wafanyakazi na makaa ya mawe kuliko ubora wa injini yenyewe.

Je, mvuke ndio ulioanzisha viwanda?

Hapana. Kiwanda cha hariri cha akina Lombe mjini Derby, kilichokamilika mwaka 1721 na ambacho wanahistoria wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa viwanda vya mwanzo kabisa vya Uingereza, kiliendeshwa na gurudumu la maji katika Mto Derwent. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1771, Richard Arkwright alianza kujenga kiwanda chake cha kusokota nyuzi za pamba huko Cromford, katika eneo la Derbyshire, nacho pia kilitegemea maji. Injini ya mvuke ya James Watt iliingia katika kiwanda cha pamba kwa mara ya kwanza mwaka 1785 huko Papplewick, wakati ambapo mabonde ya kaskazini na kati ya Uingereza yalikuwa tayari na viwanda vingi vilivyokuwa vikizunguka kwa maji. Hata baada ya hapo mabadiliko yalikwenda polepole, kwa kuwa ilikuwa karibu mwaka 1830 ndipo jumla ya nguvu ya mvuke nchini humo ilipolingana na ile ya maji.

Wanyama hawakutumika?

Walitumika, na Arkwright mwenyewe alianza nao. Kiwanda chake cha kwanza, mjini Nottingham mwishoni mwa miaka ya 1760, kiliendeshwa na farasi waliozunguka mhimili uliosimama wima. Mpangilio huo hauna ugeni kwa mtu wa Zanzibar au Lamu anayejua habari za ngamia aliyezungushwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Kwa kazi ndogo mnyama alitosha, lakini farasi huchoka, hula hata siku ambayo hakuna kazi, na huhitaji kupokezana na wenzake mara kadhaa kwa siku. Mtu aliyetaka kuendesha mamia ya spindeli, yaani vijiti vinavyozunguka kusokota uzi, kwa wakati mmoja alilazimika kununua zizi zima. Upepo nao ulisaga nafaka na kuvuta maji mashambani, lakini haukufaa usokotaji kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaahidi wafanyakazi kwamba utavuma Jumatatu asubuhi.

Gurudumu la maji lilifanyaje kazi?

Magurudumu yalitofautiana kulingana na mahali maji yalipoligusa gurudumu. Aina nyepesi kujenga ilisukumwa kutoka chini na mkondo uliokuwa ukipita. Aina nyingine ilimwagiwa maji kutoka juu, yakajaza ndoo zilizopangwa kwenye ukingo wake, na uzito wa maji hayo ukalishusha gurudumu upande mmoja. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na aina iliyopokea maji kwenye usawa wa kitovu chake, ambayo ilipendwa sana na wenye viwanda kwa sababu ilivumilia mabadiliko ya kina cha mto.

Mtu aliyeitoa kazi hii katika mazoea ya mafundi na kuiingiza katika vipimo ni mhandisi John Smeaton. Mwaka 1759 aliwasilisha matokeo ya majaribio yake kwa jumuiya ya wanasayansi ya London, Royal Society, akionyesha kwa kutumia mfano mdogo wa gurudumu kwamba maji yanayoangukia kutoka juu hutoa takriban mara mbili ya nguvu inayopatikana kwa kusukuma kutoka chini. Baada yake mbao zilianza kuachia nafasi chuma. Magurudumu yakawa makubwa na mepesi kwa wakati mmoja, na William Fairbairn wa Manchester akaboresha ndoo ili hewa iweze kutoka maji yanapoingia. Katika kiwanda cha Quarry Bank huko Styal, kusini mwa Manchester, gurudumu la chuma la mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 10 na upana wa zaidi ya mita 6, na lilitoa zaidi ya nguvu farasi 100 (kipimo kinachoelezwa hapa chini). Lilifanya kazi hadi mwaka 1904, na hapo lilipoondolewa nafasi yake ilichukuliwa na turbaini za maji, yaani mashine zenye mapanga yanayozungushwa na maji.

Gurudumu lenyewe lilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Kazi kubwa ilikuwa bwawa, mfereji wa kuleta maji, malango ya kuyapima na njia ya kuyatoa yasirudi nyuma kulizuia gurudumu, na hivyo anayesema kwamba nguvu ya maji ilikuwa ya bure anasahau mawe, udongo na mikono iliyotumika kuitayarisha.

Kwa nini Arkwright alichagua Cromford, mahali pasipo na mji?

Alifuata maji, na hasa maji ya aina fulani. Cromford ilikuwa na kijito cha Bonsall na pia mtaro mrefu wa chini ya ardhi uliochimbwa ili kukausha migodi ya risasi milimani. Maji ya mtaro huo yalitoka ardhini yakiwa na uvuguvugu, hivyo hayakuganda wakati wa baridi kali, na kiasi chake hakikuyumba sana kati ya masika na kiangazi. Kwa mashine ambazo zilitakiwa kuzunguka mchana na usiku kwa zamu mbili, hiyo ilikuwa hazina.

Kilichokosekana ni watu. Arkwright aliwavutia wafumaji wenye familia kubwa kutoka mbali, akawajengea nyumba ambamo baba alifuma kwenye orofa ya juu huku mke na watoto wakiingia kiwandani, na kijiji kizima kikaota kuzunguka mto. Namna hiyo ya kujenga makazi pamoja na mashine iliigwa katika bonde zima la Derwent. Bahati ya Cromford haikudumu. Katika miaka ya 1840 mtaro mwingine wa migodi uliochimbwa chini zaidi ulinyonya maji yake, na kiwanda kilichoanzisha mtindo mzima kikapungukiwa na kitu kilekile kilichokileta pale.

Maji yalikuwa na udhaifu gani?

Kiangazi yalipungua na wakati wa baridi yaliganda. Mafuriko nayo yalikuwa na tatizo lake, kwa kuwa mto uliofurika ulipanda hadi kuzamisha sehemu ya chini ya gurudumu na kulizuia lisizunguke. Jambo lingine lilikuwa ujirani, kwani kila kiwanda kilichojenga bwawa juu ya mto kilishika maji ambayo aliye chini alikuwa akiyasubiri, na kesi za haki ya maji ziliwatajirisha mawakili wengi.

Saa zilizopotea kwa ukame zilifidiwa kwa migongo ya wafanyakazi, waliokaa bure maji yalipokosekana na kisha kufanyishwa kazi hadi usiku mto uliporudi. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833, ambayo kwa mara ya kwanza iliweka wakaguzi wa serikali kusimamia saa za kazi za watoto na vijana, iliwaruhusu wenye viwanda vya maji kufidia muda uliopotea kwa sababu ya mto. Wakaguzi waliuona mwanya huo ukiwapa taabu kubwa, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya ushahidi ulio wazi kwamba chanzo cha nguvu kilipanga hata saa ya mtoto kulala.

Injini ya mvuke ya Newcomen ilikuwapo tangu 1712. Kwa nini haikuendesha viwanda?

Thomas Newcomen aliijenga karibu na Dudley kwa ajili ya kuvuta maji kutoka mgodi wa makaa ya mawe, na kwa kazi hiyo ilifaa. Mvuke ulijaza silinda, maji baridi yakarushwa ndani, mvuke ukageuka kuwa maji na kuacha utupu, kisha mgandamizo wa hewa ya nje ukaisukuma chini pistoni, yaani kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Kwa kuwa silinda ileile ilipashwa moto na kupozwa kila mzunguko, sehemu kubwa ya makaa iliishia kupasha chuma upya, ni sawa na mpishi anayemwagia sufuria maji baridi kila mara kabla ya kuirudisha jikoni. Chini ya asilimia 1 ya joto la makaa ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Mgodini hilo halikuumiza sana kwa sababu makaa ya chenga yalikuwa tele na hayakuwa na mnunuzi.

Tatizo la pili lilikuwa mwendo wenyewe. Injini hiyo ilivuta upande mmoja kisha ikatua, na mwendo wa kushtukashtuka ungekata nyuzi kila baada ya muda mfupi. Mafundi walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo, nayo ilikuwa kuitumia injini kuvuta maji yaliyokwisha kupita kwenye gurudumu na kuyarudisha juu bwawani, yakaanguke tena. Kiwanda cha chuma cha Coalbrookdale kilifanya hivyo katika miaka ya 1740, na Arkwright aliujaribu utaratibu huohuo mjini Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1780. Kwa hiyo, kwa kipindi fulani, mvuke ulikuwa mtumishi wa gurudumu.

James Watt alibadilisha nini hasa?

Watt alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow alipopewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze, majira ya baridi ya 1763 na 1764. Aliona jinsi ulivyomeza mvuke, na mwaka 1765 akapata jibu la kuupoza mvuke katika chumba cha pembeni ili silinda ibaki ya moto wakati wote. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ilitoka mwaka 1769. Hata hivyo wazo lilihitaji silinda iliyochongwa kwa usahihi mkubwa, jambo lililowezekana kwa mashine ya kutobolea ya John Wilkinson, na lilihitaji mtaji, ambao uliletwa na Matthew Boulton wa Birmingham aliyeungana naye mwaka 1775. Injini zao za kwanza zilianza kazi mwaka 1776 na zilitumia takriban robo ya makaa yaliyotumiwa na injini za kawaida za Newcomen. Migodini walilipwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, mapatano ambayo yaliwaudhi sana wenye migodi ya Cornwall.

Mpaka hapo injini ilikuwa bado ya kuvuta maji. Boulton ndiye aliyeona kwamba soko la migodi lingejaa na kwamba watu wa viwanda vya miji mikubwa walihitaji mwendo wa kuzunguka. Kwa kuwa hataza ya mkono wa kugeuza mwendo wa juu na chini kuwa mzunguko ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, mwaka 1781 Watt alisajili gia (magurudumu yenye meno) mbili ambazo moja huizunguka nyingine kama sayari na jua. Mwaka uliofuata akasajili silinda inayosukumwa na mvuke pande zote mbili, na mwaka 1788 injini zake zikaanza kuwekewa kidhibiti mwendo chenye tufe mbili zinazozunguka, ambacho hupunguza mvuke mwendo unapozidi na kuuongeza unapolegea. Kwa kiwanda cha nyuzi, kifaa hicho kidogo kilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu uzi husamehe mwendo wa polepole kuliko mwendo usio sawa. Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800, kampuni yao ilikuwa imetengeneza karibu injini 500.

Nguvu farasi ni kipimo cha nini?

Mwenye kiwanda aliyezoea farasi alitaka kujua injini itachukua nafasi ya wanyama wangapi, na Watt alimpa jibu la hesabu. Nguvu farasi moja ni sawa na kuinua takriban kilo 76 kwa urefu wa mita moja kila sekunde, kiwango ambacho farasi wa kawaida hawezi kukishikilia siku nzima. Kipimo hicho kilitumika pia katika kutoza ada, kwani kwa injini za kuzungusha mashine mteja alilipa kila mwaka pauni 5 kwa kila nguvu farasi, na pauni 6 akiwa London.

Kama maji hayakununuliwa na makaa yalinunuliwa, kwa nini wenye viwanda walihama?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake halimo ndani ya injini. Kwa miongo mingi nguvu ya maji ilibaki kuwa na gharama ndogo kuliko ya mvuke mahali palipokuwa na mto mzuri. Lakini mto mzuri ulikuwa bondeni, mbali na watu. Mwenye kiwanda alilazimika kujenga nyumba, duka, kanisa na barabara, na bado alipungukiwa na mikono. Quarry Bank, iliyoanzishwa na Samuel Greg mwaka 1784 kwenye Mto Bollin, iliwachukua watoto maskini kutoka mikononi mwa parokia, yaani mitaa ya kanisa iliyotunza maskini, wakafungwa kwa mkataba wa miaka mingi, wakalala katika nyumba maalumu karibu na kiwanda na kufanya kazi kwa chakula, nguo na malazi. Fundi stadi alipoondoka bondeni, kumpata mwingine kulichukua majuma, na wafanyakazi wote walipogoma, hapakuwa na mtaa wa jirani wa kutafuta wengine.

Mjini mambo yalikuwa kinyume. Manchester ilikuwa na watu waliokuwa wakimiminika kutoka mashambani na kutoka Ireland wakitafuta kazi, ilikuwa na mafundi wa mashine, soko la pamba, na mabenki. Makaa yalikuwa karibu, na tangu mwaka 1761 mfereji wa Duke (mwinyi) wa Bridgewater uliyaleta kwa mashua kutoka migodi ya Worsley na kushusha sana bei yake mjini. Kitu pekee ambacho mji haukuwa nacho ni maporomoko ya maji. Injini iliondoa sharti hilo moja, na mengine yakafuata yenyewe. Sheria za kupunguza saa za kazi, hasa ile ya mwaka 1847 ya kufanya kazi muda wa saa kumi kwa siku, ziliusukuma uamuzi mbele zaidi, kwa sababu mwenye kiwanda aliyebanwa muda alitaka nguvu inayopatikana kila dakika ya siku fupi, na mto haukuweza kumhakikishia hilo.

Moshi, mitaa iliyobanana na vifo vya mapema vya Manchester vilikuwa sehemu ya gharama ya uamuzi huo, na waliozibeba hawakuwa wale walioufanya.

Nguvu ilifikaje kwenye kila mashine?

Kwa shafti (nguzo ndefu za kuzunguka), gia na mikanda. Gurudumu au injini ilizungusha shafti kuu iliyosimama wima, nayo ikagawa mwendo kwa shafti ndefu zilizolala chini ya dari ya kila orofa. Kutoka kwenye puli za shafti hizo, mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye kila mashine. Ndiyo sababu viwanda vya zamani ni vyembamba, virefu na vya orofa nyingi, kwani shafti ikirefuka mno hujipinda na kupoteza nguvu, na mafundi walipendelea kupanda juu kuliko kutanuka. Waingereza walitegemea gia za chuma kwa muda mrefu, ilhali Wamarekani walihamia mapema kwenye mikanda mipana, ambayo ilikuwa kimya zaidi na rahisi kutengeneza.

Mikanda hiyo iliua na kulemaza. Nywele au shati likishikwa na shafti inayozunguka, hakukuwa na namna ya kuisimamisha shafti hiyo peke yake, maana chumba kizima kilizunguka kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1844 iliamuru sehemu hatari zizungushiwe vizuizi na ikakataza watoto kusafisha mashine zikiwa katika mwendo. Ni jambo la kusikitisha kwamba ilihitajika sheria ya bunge ili jambo hilo likatazwe.

Je, maboila, yaani matangi ya kuchemshia maji ya mvuke, hayakulipuka?

Yalilipuka mara nyingi. Watt aliogopa shinikizo kubwa na injini zake zilitumia mvuke uliozidi kidogo tu mgandamizo wa hewa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Richard Trevithick nchini Uingereza na Oliver Evans nchini Marekani walipanda hadi mvuke wa shinikizo la juu, uliowezesha injini ndogo zenye nguvu, lakini chuma na maungio ya wakati huo hayakustahimili daima. Boila la Lancashire lenye njia mbili za moto, lililopata hataza mwaka 1844, likawa la kawaida katika viwanda vya pamba, na katikati ya miaka ya 1850 watumiaji wa mvuke wa Manchester waliunda chama cha kukagua maboila ya wanachama wake.

Marekani ilifuata njia hiyohiyo?

Ilishikamana na maji kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ilikuwa na mito mikubwa isiyokwisha kugawanywa. Mji wa Lowell, Massachusetts, ulipangwa katika miaka ya 1820 kuzunguka maporomoko ya Pawtucket katika Mto Merrimack, ambako mto hushuka karibu mita 10. Mifereji ilichimbwa kugawia kila kampuni maji yaliyopimwa na kulipiwa, na mhandisi James Francis, akipima mikondo hiyo kwa uangalifu wa miaka mingi, alibuni mwaka 1849 turbaini ambayo bado hutumiwa katika mabwawa mengi ya umeme duniani.

Hapo ndipo historia hii inapogusa pwani yetu moja kwa moja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem walileta Zanzibar vitambaa vya merikani vilivyofumwa Massachusetts, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Salem yenyewe ni bandari isiyo na maporomoko. Kiwanda cha Naumkeag kilichoanza kazi huko mwaka 1847 kiliendeshwa kwa mvuke, jambo ambalo jina lake rasmi lilitangaza, na makaa yake yalifika kwa meli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba, vitambaa vya Uingereza na vya India vilichukua nafasi, na baadaye viwanda vya mvuke vya Bombay, ambavyo cha kwanza kilianzishwa na Cowasji Davar mwaka 1854, vikawa na sehemu kubwa ya soko la Afrika Mashariki.

Umeme uliuondoa mvuke lini?

Polepole kuliko inavyodhaniwa. Kiwanda cha nguo cha Columbia, South Carolina, kilianza mwaka 1894 kikiwa na mota za umeme zilizoning'inizwa darini, zikipata nguvu kutoka mtoni jirani. Hata hivyo karibu mwaka 1900 mota zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyoendesha mashine za viwanda vya Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1920 zilikuwa zimepita robo tatu. Ucheleweshaji huo ulitokana na kwamba wengi waliondoa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa mahali pake, na kuacha shafti na mikanda ileile ikizunguka. Faida ya kweli ilionekana pale kila mashine ilipopewa mota yake, kwa kuwa hapo jengo halikulazimika tena kufuata shafti, na viwanda vikaweza kujengwa vipana, vya orofa moja, mashine zikipangwa kwa kufuata mtiririko wa kazi.

Wengine hawakuhama kamwe. Kiwanda cha kufuma cha Queen Street Mill huko Burnley, Lancashire, kilijengwa mwaka 1894, mwaka uleule wa Columbia, na kilifuma kwa injini yake ya mvuke ya nguvu farasi 500 hadi kilipofungwa kibiashara mwaka 1982.